Mwalimu wa shule binafsi asitelekezwe tena

UAMUZI wa Serikali kufunga shule Machi 2020 ulikuwa sahihi. Kumwacha mwalimu wa shule binafsi bila ujira kwa zaidi ya miezi mitatu lilikuwa kosa, na hadi leo hakuna aliyekubali kulibeba.

Machi 16 mwaka huo, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro na kufikia Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule zote, za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Muda huo ukaongezwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, waliobaki Juni 29.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, zilipigwa mara mbili. Mji wa Karatu unaishi kwa magari ya watalii wanaopanda kwenda kreta ya Ngorongoro. Wazazi wengi wanaolipa ada ni madereva, waongoza watalii, wapishi, wahudumu wa loji na wauza vinyago. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa Aprili, loji zikakosa wageni, mzazi akakosa mshahara, shule ikakosa ada. Mwalimu ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, na zamu yake haikufika.

Mwenzake wa Serikali alikaa nyumbani na mshahara ukaingia kila mwezi. Hatumwonei kijicho, alistahili. Lakini huyu wa binafsi, aliyesomea kazi ileile na kufundisha mtalaa uleule, alipigiwa simu akaambiwa asubiri. Asubuhi aliandika mazoezi ya hesabu kwa mkono, akayapiga picha na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kwa bando alilonunua mwenyewe. Mchana alikuwa kwenye shamba la mtu akipalilia kwa kibarua, au Mang'ola, wilayani Karatu, akijaza vitunguu kwenye magunia. Jioni mzazi alimpigia kuuliza mbona zoezi la leo halijafika. Kwa mwajiri alihesabiwa hayupo kazini. Kwa mzazi alidaiwa kama yupo.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hali ilikuwa ngumu zaidi. Kilimo kimepigwa marufuku humo, kwa hiyo mwalimu asiye na mshahara hakuwa hata na tuta la mboga la kujishikiza. Unga hupandishwa kutoka Karatu na hununuliwa kwa fedha taslimu. Masomo ya televisheni hayakumfikia mtoto wa boma lisilo na umeme. Watoto wengi walirudi kuchunga, na shule zilipofunguliwa, mwalimu alikuta darasa lililosahau nusu ya lilichofundishwa na mtihani wa taifa ukibisha hodi.

Wenye shule wanasema hawakuwa na fedha. Tunawaamini wengi wao. Lakini ukata si ruhusa ya kukaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nao. Aliyetimiza mwaka kazini anapoachishwa kwa sababu hizo ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10. Neno “subiri” halimo katika sheria hiyo. Anayeambiwa hivyo hajaachishwa ili adai haki zake, wala hayuko kazini ili alipwe.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Iliyofunga shule ni yenyewe, na ilipaswa siku ileile kueleza mwalimu huyu atakula nini. Lipo fao la kukosa ajira katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), theluthi ya mshahara kwa miezi sita, lakini hulipata aliyechangiwa angalau miezi 18. Mwalimu ambaye mwajiri wake hapeleki michango, au asiye na mkataba wa maandishi, fao hilo kwake ni hadithi.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, wathibiti ubora wa shule wanapokagua madarasa na vyoo wakague pia mikataba ya walimu na stakabadhi za michango yao, na shule isiyo navyo ipewe muda wa kurekebisha, ikishindwa iadhibiwe. Pili, kila amri ya kufunga shule iandamane na maelekezo ya maandishi kuhusu mishahara, yakisema nani analipa, kiasi gani na kwa muda gani. Tatu, halmashauri za Karatu na Ngorongoro, zinazojua kwamba utalii ukipiga chafya shule zao huumwa, zikae na wenye shule kuanzisha mfuko wa dharura wakati wageni wapo, zisisubiri waondoke.

Jirani zetu Uganda walikaa na shule zimefungwa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, hadi Januari 2022. Sisi tulipona kwa miezi michache, na unafuu huo umetufanya tudhani hapakuwa na deni. Lipo, na wanaodai ni walimu. Ugonjwa mwingine utakuja. Siku hiyo mwenye shule au waziri atakayesema hakujua, tutamwambia alijua.