Bangili Tumezihesabu, Hati Ina Jina la Nani?



Leo nivumilieni, nina hasira. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye singo ya mtoto wa jirani yetu hapa Unguja. Mume ni mwalimu, kazi yake iko Sumbawanga, na bi harusi atamfuata huko baada ya fungate. Wakubwa walimfundisha kila kitu: udi, karafuu, namna ya kumpokea mume akirudi kazini, namna ya kukaa na mawifi. Bangili zilihesabiwa mbele ya watu, moja moja. Nilipouliza kama kuna aliyemweleza habari za kiwanja, shangazi mmoja akacheka: "Mwanamke hajengi, mwanamke hujengewa."

Nimeishi Ufipa miaka sita na mume wangu, na nimeona wanawake "waliojengewa" wakitolewa ndani ya nyumba hizo na masanduku yao.

Shoga yangu mmoja huko, Mmanga wa Pemba, aliuza mikufu miwili ya mahari yake kununulia tofali za kuchoma na bati. Nyumba ikasimama, vyumba vitatu, nzuri. Karatasi ya kiwanja ilikuwa na jina la shemeji yake, kwa sababu siku ya kununua mume alikuwa safarini na "sisi ni kitu kimoja." Mume alipofariki, Mungu amrehemu, nyumba haikuingia hata kwenye mirathi. Utarithi vipi kisichokuwa cha marehemu? Thumuni yake aliyopewa na Qur'ani ilipotea kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

Na hili ndilo linaloniudhi: dini haikutuficha. Suratun-Nisaa aya ya 4 inaamrisha mwanamke apewe mahari yake, si baba yake wala mumewe. Aya ya 32 ya sura hiyo hiyo inampa fungu katika alichochuma. Na aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi katika mambo ya fedha. Wanaoambiwa humo waandikiane ni waumini. Basi mume akikuuliza, "Kwani huniamini?" mjibu kwa adabu kwamba unamwamini, ndiyo maana unataka muandike mkiwa bado mnapendana.

Sheria ya nchi nayo iko wazi, kwa Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki: chako kinabaki chako. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako. Lakini someni na cha 60. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mume peke yake, mahakama itaanza kwa kudhani ni yake, na wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha vinginevyo. Ikiwa na majina yenu wawili, itadhaniwa mna haki sawa. Tofauti yote hiyo inaanzia siku ya kujaza fomu.

Mtaniambia kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed. Naijua. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na wanawake wa Bara wanafaidika na hukumu hiyo hadi leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama ilisema fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitumia vibaya. Msitegemee kwenda kusifiwa na majaji.

Sasa kwa nini Sumbawanga, mji ambao nikiutaja hapa watu wanataja uchawi kwanza? (Jina lenyewe lina maana ya kutupa uchawi, lakini nani anasikiliza.) Kwa sababu ndiko mnakoolewa na kuhamishiwa. Ni makao makuu ya mkoa, watumishi wanahamia kila mwaka na wote wanataka pa kulala, na kodi ya miezi sita mbele si jambo geni. Barabara ya lami kutoka Tunduma imeufungua mji. Udongo wa tofali uko hapo hapo. Saruji ndiyo inatoka mbali, Mbeya, kwa hiyo panga hesabu ya usafiri. Jenga kiangazi. Mvua za Ufipa zikianza Novemba zinaendelea hadi Aprili, na tofali mbichi uliyoiacha wazi itarudi kuwa tope.

Sitawadanganya kuwa ni utajiri wa haraka. Anza na vyumba viwili vya uani, upaue, upangishe, kisha nyumba kubwa ijengwe polepole. Mkopo wa riba usiuguse, hata wakikuitia kikundi cha akina mama. Heri bangili moja kuliko deni la haramu.

Mimi mwenyewe nilitapeliwa, msidhani nasema kwa kujisifu. Kiwanja changu cha kwanza nilinunua kwa dalali, pembeni ya mji, karatasi ina muhuri na mashahidi wanne. Nilipokwenda ofisi ya ardhi ya Manispaa kuanza kufuatilia hati, nikaonyeshwa ramani: nusu yake ilikuwa barabara. Muhuri wa mtaa unathibitisha kuwa mliuziana. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Nenda kwanza na namba ya kitalu na namba ya kiwanja, fanya upekuzi, zione bikoni kwa macho yako, kisha mkataba kwa wakili. Ardhi ya kijiji ina taratibu zake na halmashauri ya kijiji, usimfuate mzee mmoja shambani na bahasha.

Zaka pia msiisahau. Kwa kauli ya maulamaa wengi, kiwanja ulichonunua kwa nia ya kukiuza ni biashara na kina zaka ya thamani yake. Nyumba ya kupangisha haina, ila kodi uliyoiweka ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Na tafadhali, wanaume wanaosoma kwa kuchungulia: kiwanja cha mke hakikuondolei nafaka. Kulisha, kuvisha na kumweka mahali pa kulala bado ni juu yako. Akikuchangia ni sadaka yake, na ana haki ya kuandikiwa kama ni mkopo.

Mdogo wangu anaposwa Shaabani, na mposaji anafanya kazi Laela. Nimemwambia baba nusu ya mahari iwe kiwanja kilichopimwa Sumbawanga mjini, kwa jina lake yeye. Baba amekubali. Shangazi hajanisemesha tangu Ijumaa.