Jembe Tumelishika, Ngoma Je?

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu msomaji, babu yangu alitoka Maragoli enzi za ukoloni akaja Kanyamkago, hapa hapa Uriri. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki kama uwanja wa kuanikia mahindi. Wengi walihama kwa sababu hiyo, na hata leo Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, kulingana na sensa ya 2019. Babu alishika jembe. Baba akalishika. Nami likizo ikifika nalishika. Sasa nauliza, hii ni siku ya ngapi nikiitwa mgeni?

Nauliza kwa sababu mwaka jana, tulipokuwa tukijiandaa kwa siku ya wazazi, wanafunzi sita tuliomba kupiga isukuti. Lo! Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hizo pelekeni kwenu Vihiga!" Jamani, Vihiga nimefika mara mbili tu, na zote ni matanga. Kijaluo nakijua kuliko Kimaragoli. Tuliona haya, ngoma zikarudi nyumbani.

Isukuti ni ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na pembe ya swara na vyuma vya kuchezesha. Wenyewe hasa ni Waisukha na Waidakho, lakini sisi Waluhya wengine pia huipiga. Mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ulimwengu unaogopa isipotee, nasi tunaicheka!

Tena tukumbuke kwamba mababu wa Wajaluo walitoka pande za Bahr el Ghazal, Sudan Kusini ya leo. Nani awezaye kumwambia mpiga nyatiti airudishe huko? Hakuna, na isiwepo siku ya kumwambia hivyo. Nyatiti na nyuzi zake 8 ni ya hapa. Basi isukuti nayo?

Watu wengi wa kuhama wamejitambulisha kwa kazi ya mikono yao. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Pwani. Kwa miaka mingi hawakuwa na kitambulisho, lakini vinyago vyao vilijulikana kila mahali. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki, na leo ni kabila la 43 la Kenya. Huko San Diego, Marekani, watu wenye asili ya Meksiko waliikalia ardhi chini ya daraja mwaka 1970, wakakataa kituo cha polisi kujengwa pale. Baadaye nguzo za daraja wakazipaka michoro ya historia yao. Hawakusema, "Tunarudi." Walisema, "Tupo."

Najua wapo watakaonipinga. Baba yangu mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, nyamaza, usijitie alama." Simlaumu. Mwaka 2007 na 2008 zaidi ya Wakenya 1,000 waliuawa, na neno "mgeni" lilikuwa silaha. Lakini nionavyo mimi, kuficha ngoma hakuondoi chuki. Jirani asiyeijua ngoma yako ndiye huiogopa. Kule kijijini kwetu, nyanya akianzisha wimbo wa harusi, majirani Wajaluo ndio wa kwanza kuitikia, tena kwa Kimaragoli! Mbona shuleni, tunakosoma, tushindwe?

Kwa hivyo natoa maoni haya. Siku ya wazazi ijayo nyatiti na isukuti zipigwe jukwaa moja. Mjaluo ajifunze ngoma kubwa, nami nifundishwe nyatiti, hata vidole vikitoka malengelenge. Na chama chetu cha Kiswahili kiwaendee wazee wa kila jamii, kiandike maana ya nyimbo zao kabla hawajatuacha. Walimu wetu wapendwa, tunaomba mtuunge mkono.

Mwacha mila ni mtumwa. Sitaki kuwa mtumwa, wala sitaki kuwa mgeni. Nataka kuwa mtu wa Uriri mwenye ngoma yake. Zile tatu bado ziko kwetu, zimetundikwa ukutani. Nikiambiwa leo, kesho ziko shuleni.

Mwanachama, Kidato cha Tatu