Akiba zetu zisiishie kwenye viwanja vya Kibaha na Kisarawe

Mkazi wa Dar es Salaam akipata akiba, huwaza kiwanja: Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, au Kisarawe kwa njia ya Pugu. Hununua cha ishirini kwa ishirini, hupanda minyaa mipakani, huandikishana na muuzaji kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha husubiri bei ipande. Si ujinga; ardhi imewatoa wengi. Ila fedha hiyo imehama mfuko tu. Kiwanja kinabaki pori, na bomba la maji halijafika.

Soko la mitaji humkutanisha mwenye akiba na mwenye mradi wa muda mrefu. Ukinunua hisa, umekuwa mmiliki mwenza: faida ikipatikana unaweza kupata gawio, hasara nayo ni yako. Ukinunua hatifungani, umekopesha: unalipwa riba, na muda ukiisha unarudishiwa mtaji. Fedha humfikia mwenye mradi wakati wa toleo la kwanza. Baada ya hapo wawekezaji huuziana wenyewe katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998. Hivyo mwenye shida hutoka bila kuuyumbisha mradi.

Tanga wameshajaribu njia hii. Mwaka 2024 mamlaka yao ya maji ilikusanya zaidi ya Sh53 bilioni kwa hatifungani ya kijani (ya miradi inayojali mazingira) ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5. Aliyeweka Sh1 milioni anastahili Sh135,000 kwa mwaka, na mlipaji anategemea ankara za maji.

Kibaha na Kisarawe zinahudumiwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na nyumba mpya kila mtaa ni wateja wapya. Je, nayo ikope kwa wananchi? Hatari zipo: maji yanayovuja njiani hayalipi riba, mfumuko wa bei hula faida, na wanunuzi sokoni wakiwa wachache, anayeuza kwa haraka hulazimika kushusha bei. Tena zahanati na shule, zisizo na mapato ya kutosha kulipa riba, zibaki kwenye bajeti ya serikali.

Kwa miradi ya maji, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: hesabu za makusanyo na upotevu wa maji ziwekwe wazi kabla ya toleo. Nawe msomaji, usimpe dalali yeyote fedha kabla ya kuhakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.