Mtunzi Ajichapishie, Ila Asijihariri

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840 bila kuacha diwani. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya miongo kadhaa baadaye, akamfafanulia mmishenari W. E. Taylor nani alikuwa akijibiwa na kwa ugomvi upi. Kitabu chenyewe kilitoka Johannesburg mwaka 1940, kwa uhariri wa William Hichens. Karne nzima! Na lau si Sikujua, sehemu kubwa ya beti hizo, zilizozaliwa na mvutano wa Wamazrui, watawala wa Mombasa, na Sultani Seyyid Said, leo zingekuwa mafumbo matupu. Kwa hiyo mtunzi aliyetunga umri wake wote ana haki, na kwa maoni yangu ana wajibu, wa kuipanga diwani yake angali hai, hata ikibidi ailipie mwenyewe.

Watakuja wa kusema kwamba anayejichapishia amelikwepa chekeche, na kitabu chake ni majivuno yaliyotiwa jalada. Maneno hayo yangekuwa mazito kama chekeche lenyewe lingepima ushairi. Kampuni nyingi za vitabu kwetu zinaishi kwa soko la shule, na diwani isiyo na dalili ya kuteuliwa kwenye mtaala ina nafasi finyu hata kabla ya kusomwa. Hata East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na iliyotoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, haikusalimika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Wapo wanaopenda kumtaja Walt Whitman wa Marekani, aliyejilipia Leaves of Grass mwaka 1855 ikiwa na mashairi 12, akazidi kuipanua hadi uzeeni. Mfano mzuri, ila tusiutegemee mno: waliojilipia wakasahaulika ni wengi kuliko akina Whitman.

Wapinzani hao wana haki katika jambo moja, nalo ni uhariri. Shairi la ujanani mtunzi hulisoma kwa sauti ile ile aliyolitungia, hivyo mizani iliyopungua haimkwaruzi sikio. Fedha zinazoishia kwenye nakala elfu moja zilizorundikwa uvunguni zingemfaa zaidi akimlipa kwanza mhariri anayejua arudhi, kisha mpangaji wa kurasa, ndipo achape nakala mia kwa mashine ya kidijitali, isiyodai gharama za sahani za kuchapia. Mpangaji naye achaguliwe kwa makini. Mshororo wa mizani 16 ukipangwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa A5, neno la mwisho la utao huangukia mstari wa chini, na kina ambacho jicho lilikitarajia ukingoni hakionekani tena. Ubeti wa mishororo minne unageuka kuwa wa mistari minane iliyopindapinda, na msomaji mgeni atadhani ndivyo ulivyotungwa.

Wengine husema gazeti na redio vinatosha. Ni kweli kwamba tangu Mambo Leo ya mwaka 1923 magazeti yamelea malenga wengi. Lakini shairi la gazetini mara nyingi ni jibu, na anayekusanya ya kwake peke yake anachapisha upande mmoja wa malumbano. Aombe ruhusa kwa mshindani wake au warithi ya kuchapa na upande wa pili, maana Kenya na Tanzania hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Akinyimwa, aandike chini ya shairi tarehe, jina la gazeti na hoja aliyokuwa akiijibu. Hata tungo za kuwasifu viongozi, zinazomtia haya leo, azibakize na tarehe zake. Mwanahistoria atazihitaji kuliko zile za mapenzi.

Kuanzia toleo hili, diwani za kujilipia tutazihakiki sawasawa na za kampuni. Isiyotaja mhariri wake tutairudisha kwa mwenyewe.