Roki bila mpiga ngoma: tunune?

Jumamosi iliyopita, katika duka la kinyozi huko Kawangware, mashine ya kunyolea ilizimwa kwa sababu ya wimbo. Kijana wa chuo aliyetoka Kibera kumtembelea binamu yake alifungulia Duma kwenye simu. Binamu akafoka: "Hii si roki! Mpiga ngoma yuko wapi?"

Msomaji, usidhani ni yule mnyama mwenye mbio. Duma lilikuwa kundi la vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, nalo jina walilitoa katika Kikuyu, kwa maana ya giza. Walitokea bendi za hevi metali za hapa jijini, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 waliungana, Karugu akaacha besi na kushika gitaa na kompyuta, wakarekodi Kampala. Albamu ilitoka 2020: metali na panki zimesagwa pamoja na kelele za mitambo.

Binamu namwelewa. Shabiki wa roki mtaani huchekwa kwamba anaiga Wazungu. Bendi kamili jukwaani ndiyo ngao yake.

Lakini yule wa Kibera alimjibu hivi: "Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, ukuta mabati. Ngoma nitaziweka wapi, na jirani atalala saa ngapi? Kompyuta naweza kuazima."

Sote tulinyamaza. Binamu hakukubali kushindwa, ila aliomba wimbo urudiwe.

Wapenzi wa roki, tusikilize hadi mwisho, ndipo tunune.