Ituri: rezo inakosekana, na watu wa kupima mawimbi wanakosekana pia

Mwezi wa tano 2025, ARPTC, mamlaka yenye kusimamia posta na telekomunikasyo katika inchi yetu, ilipatia Starlink ruhusa ya kutumika. Mwaka mumoja kabla, mwezi wa tatu 2024, ARPTC hiyohiyo ilikuwa imekataza vifaa vya Starlink. Kwa wakaaji wa Ituri wenye kuzoea kusema "rezo hakuna", ruhusa hiyo ilileta swali moja: je, sasa shida itaisha?

Jibu la haraka ni kwamba sehemu ya shida inaweza kupungua. Mwenye pesa ya kununua kisahani na mwenye umeme wa jua atapata intaneti hata katikati ya pori. Lakini muvuvi wa Tchomia mwenye telefone ndogo ya kubonyeza hatapata kitu. Na kuna upungufu mwingine wenye hauzungumzwi sana: katika majimbo yetu, ni nani anajua mawimbi ya redio yanapita wapi, yanakatikia wapi, na kwa nini?

Katika vyuo vikuu vya inchi nyingi kuna vikundi vya watafiti vyenye kushugulikia jambo hilo tu. Mutu wa fizikia anachunguza namna mawimbi yanatembea. Enjenia wa umeme anatengeneza antene. Mutu wa ordinatere anaandika programu, na mara nyingi mutu wa hali ya hewa anaongezeka. Kazi yao inaonekana kuwa ya mbali na maisha ya mukulima wa Djugu. Kwa kweli, inamugusa kila siku.

Kwa nini kando ya ziwa wanashika Uganda

Mufano wa kwanza uko Ziwa Albert. Wakaaji wa Kasenyi, Tchomia na Mahagi-Port wanajua vizuri kwamba telefone inaweza kushika rezo ya Uganda wakati mutu angali ku inchi yake. Wengine wanazani ni uzembe wa makampuni yetu tu. Pesa na usalama vinaingia ndani, lakini sura ya inchi pia inaingia.

Bunia iko juu, kupita metre 1200 toka usawa wa bahari. Ziwa liko chini, karibu metre 620. Mutu mwenye kupita barabara ya Bogoro kuenda Kasenyi anaona vile inashuka. Sasa, mawimbi ya FM na ya telefone yanatembea karibu sawa mwangaza: yanaenda musitari, na mulima ukiwa mbele, nyuma yake kunabakia kivuli. Hata fasi ya tambarare, antene ya metre 30 inaona kilometre 22 hivi, kisha mviringo wa dunia unaanza kuficha. Lakini juu ya maji hakuna mulima, hakuna muti. Antene yenye imesimama ngambo ya Uganda, kwenye mwinuko wenye kutazama ziwa, inaona mbali sana.

Maana yake ni hii: kuongeza nguvu ya emeteri ya Bunia hakutasaidia sana watu wa kando ya ziwa. Kinachosaidia ni antene ndogo yenye kuwekwa fasi inafaa, penye mwinuko unaanza kushuka. Lakini hiyo fasi haichaguliwe kwa macho tu. Inachaguliwa kwa kupima.

Makombo: habari yenye ilichelewa miezi tatu

Mufano wa pili ni wa uchungu. Toka tarehe 14 mpaka 17 mwezi wa 12 mwaka wa 2009, waasi wa LRA waliua watu katika eneo la Makombo, Haut-Uélé. Shirika Human Rights Watch lilihesabu watu 321 wenye waliuawa, na zaidi ya 250 wenye walitekwa. Ripoti yake ilitoka tarehe 28 mwezi wa tatu 2010. Kwa miezi tatu, dunia haikuwa na habari kamili ya mauaji hayo.

Katika miaka yenye ilifuata, kanisa katoliki la Dungu na shirika Invisible Children walieneza redio za foni katika vijiji vya Uélé. Foni inatumikisha mawimbi mafupi. Hayo hayasimamishwe na milima sawa FM, kwa sababu yanapanda mpaka tabaka moja la juu sana angani, kisha yanarudi chini mbali. Kijiji chenye hakina rezo kiliweza kuonya kingine mara kwa siku, kwa saa zenye zilipangwa.

Lakini foni nayo iko na masharti yake. Mawimbi yenye kufaa muchana si yale yenye kufaa usiku, maana tabaka hilo la angani linabadilika na jua. Mwenye kupanga rezo ya foni bila kujua hivyo anaweza kuita usiku muzima bila kusikiwa.

Kivu Kaskazini: mawimbi katika vita

Mufano wa tatu ni wa karibuni. Katika ripoti yao ya mwisho wa 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wenye kufuata vita vya Kongo walitaja kuvurugwa kwa GPS katika Kivu Kaskazini, katika maeneo ya vita vya M23, pamoja na hatari kwa ndege, hata zile za misaada.

Kuvuruga GPS hakuombi nguvu nyingi. Satelite zake ziko karibu kilometre 20.200 juu yetu, na sauti yenye inafika chini ni zaifu kabisa. Mutambo mudogo wa hapa chini unaweza kuifunika, sawa mutu mwenye kupiga kelele karibu na sikio lako wakati mwingine anakunongoneza toka mbali. Mwenye kuwa na vipimo anaweza kutambua kelele hiyo na hata kutafuta inatoka upande gani. Mwenye hana vipimo anaambiwa na wageni.

Makerere walianza namna gani

Hatuna lazima ya kwenda mbali kwa kutafuta mufano. Chuo kikuu cha Makerere, Kampala, kiko na kituo cha utafiti chenye kuitwa netLabs!UG. Kuanzia 2013, watafiti wa Makerere, wa Dar es Salaam Institute of Technology na wa chuo kikuu cha Juba walishirikiana na chuo kikuu cha Bergen, kwa musaada wa pesa ya Norway, katika mupango wa WIMEA-ICT. Shida yenye walitaka kutatua ilikuwa rahisi kuelewa: vituo vya kupima hali ya hewa ni vichache, na vya kununua Ulaya ni vya bei kali.

Walitengeneza kituo chao. Kipimo kimoja kiko metre 10 juu kwa upepo, kingine metre 2 kwa joto na unyevu, kingine chini kwa mvua na udongo. Vinasemezana kwa redio bila waya, kisha habari yote inatumwa. Kwa wavuvi wa Ziwa Albert, wenye wanapoteza watu kila mara upepo unapoamuka gafula, hiyo si elimu ya mapambo.

Bunia haianzie kwa sifuri

Wazee watakumbuka Radio Candip, yenye ilizaliwa ndani ya Institut supérieur pédagogique ya Bunia katika miaka ya 1970. Ilisikika kwa mawimbi mafupi karibu na 5066 kHz, katika sehemu ya metre 60 yenye iliachiwa inchi za joto, kwa sababu radi zetu zinavuruga sana mawimbi ya kati. Kwa hiyo shule ya juu ya Bunia ilishika antene mbele vijana wa leo wazaliwe.

Vifaa vya kuanza tena si vya ajabu. Leo kipokezi kidogo cha kuchomeka ku ordinatere, cha makumi ya dola tu, kinaweza kusikiliza FM, ndege na mengine mengi, na kuonyesha nguvu ya kila wimbi. Wanafunzi wachache, motari moja na daftari, na kuna mwanzo wa ramani: kijiji gani kinashika nini, redio gani mbili zinakanyagana ku frekansi moja.

Kizuizi kikubwa hakiko ku bei. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi toka tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Kijana mwenye kutembea na antene katika Irumu ao Djugu anaweza kuzaniwa ni mupelelezi, na jeshi, na wanamugambo pia. Ramani ya rezo ikiangukia mikono mibaya, inaonyesha vijiji vyenye haviwezi kuita musaada. Kwa hiyo kazi hiyo inaomba barua za ruhusa, ARPTC ndani yake, na sheria kali juu ya mwenye kutunza habari.

Na kuna jambo moja lenye hakuna antene inaweza kutengeneza. Onyo linaokoa watu kama mwenye kulisikia anatoka kuja, ao kama watu wako na njia ya kukimbia. Rezo bila musaada inapeleka kilio tu. Lakini bila rezo, hata kilio hakifike, na mwenye alipashwa kuja atasema kila mara kwamba hakujua.