Nukta Moja Hubadili Neno

Mtoto aliyekaa chuoni na ubao wake hufundishwa mapema kwamba nukta si pambo. Nukta moja ikiwekwa chini, herufi husomwa be. Zikiwekwa mbili juu, herufi ile ile huwa te, na neno zima hugeuka maana. Somo hilo limetujia tulipoutafakari mswada wa bajeti wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Viongozi na wananchi wa visiwa hivi wanastahili kuijua habari hiyo.

Tangu marekebisho ya mwaka 1930, katiba ya jimbo hilo humruhusu gavana kukubali sehemu ya mswada wa matumizi ya fedha na kuikataa sehemu nyingine. Nia ilikuwa njema: wabunge wasimfunge mikono kwa kuchanganya mambo mengi katika mswada mmoja. Mwezi wa Julai 2023 Gavana Tony Evers, aliyepata kuwa mwalimu na msimamizi wa elimu wa jimbo, alipelekewa mswada ulioziruhusu shule kuongeza kikomo cha mapato yao kwa dola 325 kwa kila mwanafunzi, katika mwaka wa masomo wa 2023-24 na ule wa 2024-25. Gavana alifuta maneno machache, kisha katika 2024-25 akafuta tarakimu 20 na kile kistari. Ikabaki 2425. Nyongeza ya miaka miwili ikawa ya kila mwaka kwa miaka mia nne.

Walipa kodi wawili walikwenda mahakamani. Mwezi wa Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua kwamba gavana hakuvuka mipaka ya katiba.

Sisi hatugombani na shabaha ya gavana. Shule isiyo na fedha ni jengo tu. Lakini tunauliza: ni nani aliyeamua miaka mia nne? Hakuna mbunge hata mmoja aliyeipigia kura. Sheria ilitungwa kwa kufuta, na walioitunga hawakuitambua iliporudi.

Tena liko jambo ambalo wenye kushangilia hulisahau. Kufuta kule hakukuingiza hata dola moja katika hazina. Kulitoa ruhusa tu, na fedha zenyewe hazina budi zitoke ama katika ruzuku ya jimbo ama katika kodi ya majumba na ardhi. Bajeti ya 2025-27 haikuongeza ruzuku ya jumla kwa shule. Basi mzigo ukamwelekea mwenye nyumba, hata mzee asiye na mtoto darasani.

Wala desturi hii si ya chama kimoja. Katika miaka ya 1980 Gavana Tommy Thompson wa Republican alifuta herufi mojamoja hata yakazaliwa maneno mapya. Mwaka 1990 wapiga kura wakapiga marufuku. Mwaka 2005 Gavana Jim Doyle wa Democratic alifuta mamia ya maneno, na kwa machache yaliyosalia akahamisha dola milioni 427 kutoka mfuko wa usafirishaji. Mwaka 2008 wananchi wakakataza kuunganisha sentensi kwa namna hiyo. Kila mara waliopiga kelele ni wale ambao kalamu haikuwa mkononi mwao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Katika nchi yetu, ibara ya 97 ya Katiba ya Muungano ya mwaka 1977 inamtaka Rais aukubali mswada, au aurudishe Bungeni pamoja na sababu za kuukataa. Hapana njia ya kudonoa maneno. Huo ni utaratibu wa heshima, kwani mwenye kukataa analazimika kusema kwa nini, na mwananchi anasikia.

Hata hivyo tusijione tumesalimika. Fungu lililopitishwa barazani lisipotolewa kwa wakati, au likielekezwa kwingine kimyakimya, limefutwa vilevile, ijapokuwa hapana kalamu iliyoonekana. Mama anayesubiri dawa katika kituo cha afya cha Pemba hawezi kutofautisha fungu lililofutwa na fungu lililochelewa.

Basi tunawahimiza Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wausome mswada wa bajeti neno kwa neno, na majedwali yake tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kusema ndiyo. Nao watendaji wa Serikali, fedha zikipungua, warudi barazani waseme hadharani kilichopungua na sababu zake. Neno lililopigiwa kura ni amana ya wananchi. Aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuhamisha nukta yake, hata akiwa na nia njema.